Aliyebaki Yahuma

Kwenye kona ambapo barabara ya vumbi inayotoka upande wa Kapalata inakutana na ile inayoteremka mtoni, kuna benchi refu la mbao ambalo watu wa mtaa wanaliita Parlement. Katika mji wa Kisangani wabunge wa barabarani huwa wanabishana wakiwa wamesimama. Hawa wa kwenye kona hukaa, na wanasema ndiyo maana hoja zao zina uzito. Kahawa ni ya Mama Berthe, nyeusi, yenye tangawizi ya kukwaruza koo, anayoichemsha kwa makaa tangu kunapopambazuka chini ya bati lililoegemea ukuta wa duka la vipuri. Wajumbe wa kudumu ni watatu. Papa Assumani, mtumishi wa serikali mwenye asili ya Kasongo, wanamwita Décret, yaani amri ya serikali, kwa sababu hakubali neno lolote mpaka aambiwe nani amelitia sahihi. Papa René wa Isangi, mwenye boti ya mbao inayoshusha watu na mizigo kila wiki, wanamwita Courant, mkondo wa mto au wa umeme, jina ambalo wengine walilipinga kwa kuwa umeme wa mji hukatika na yeye hakatiki. Wa tatu ni Rachidi, kijana wa pikipiki, anayeitwa Agronome, yaani bwana shamba. Jina hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilimuuma.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua Rachidi alifika bila abiria, akaegesha pikipiki karibu mno na makaa, na Mama Berthe hakumgombeza kwa sababu alimwona usoni. Alisema amepigiwa simu na mwanamke wa projet, ule mradi wa kilimo. Wanafanya évaluation. Wanawatafuta vijana wote waliofundishwa kilimo, wajue wamefikia wapi, na mwanamke huyo angekuja kuonana naye asubuhi hiyo hiyo. Rachidi hakutaka aje hadi nyumbani kwake, akamwelekeza hapa kwenye kona.

Mama Berthe aliposikia neno projet, alikishusha chini kikombe alichokuwa anakisuuza.

Projet yenyewe iliitwa Mbegu Mpya. Miaka michache nyuma iliwakusanya vijana wa mji wenye diploma na wasio na kazi, ikawaweka katika kituo nje ya mji, ikawafundisha kupanda mpunga kwa mistari, kuchagua vijiti vya mihogo visivyo na ugonjwa, kutengeneza mboji na kufuga samaki. Walipomaliza walipewa majembe, mapanga na mbegu, na chifu mmoja wa upande wa Yahuma akakubali kuwapa ardhi. Walishuka mto wakiimba, boti nzima. Wakarudi mmoja mmoja, kimya, kila mtu na begi lake. Wa mtaa huu walikuwa wawili: Rachidi, ambaye alirudi, na Lydie, mtoto wa pekee wa Mama Berthe, ambaye hakurudi.

Décret ndiye aliyefungua kikao. Alieleza kwamba ofisini kwao ameona évaluation za kila aina. Watu wanakuja wamevaa vizuri, wanauliza maswali kwa upole, wanashukuru sana, na mwezi unaofuata mnakuta viti vimeondolewa. Kwa hiyo, alisema, projet hiyo imekwisha kufungwa kwenye karatasi za mahali fulani, na huyu anayekuja anatafuta tu sababu.

Courant alikataa. Kwa maoni yake hakuna mtu mwenye akili anayesafiri mbali hivyo kwa ajili ya mihogo. Chini ya ardhi ile lazima kuna kitu. Kwa nini vijana walifundishwa kupanda kwa mistari, wakati babu zake yeye walitawanya mpunga kwa mkono na watu wakashiba? Mistari ile, alisema, ukiipiga picha kutoka juu inaonyesha udongo unaposhuka, na udongo unaposhuka ndipo almasi ilipo.

— Nani alitia sahihi hiyo? Décret akauliza.

— Satellite haina sahihi, papa. Inaangalia tu.

— Bon. Kama inaangalia, sasa anakuja kuuliza Agronome nini? Si imekwisha kumuona?

Courant alifikiri kidogo, akajibu kwamba satellite inaona shamba lakini haioni moyo wa mtu, na hiyo ndiyo kazi ya huyu mwanamke. Hoja hiyo ilimpendeza hata yeye mwenyewe. Décret, kwa kutokubali kushindwa, akapanda juu zaidi. Alisema jambo lenyewe ni la uchaguzi. Kijana anayelima Yahuma hawezi kuandamana Kisangani, kwa hiyo kuna watu waliotaka kuupunguzia mji vijana wake, na sasa wanapima wamefaulu kiasi gani. Courant akamuuliza mbona basi karibu wote wamerudi. Décret akasema hiyo ndiyo sehemu ya pili ya mpango: warudi wamechoka, wakubali lolote.

— Wote hapana, Courant akasema huku akicheka. Kuna wenye kubaki. Hao waliwekewa dawa ndani ya mbegu. Ule mupunga mupya, ukiukula mara mbili, unasahau mji, unasahau na mutu aliyekuzaa.

Alikuwa bado anacheka alipokumbuka anakunywa kahawa ya nani. Akageuka, akatazama barabara. Décret akakohoa. Mama Berthe aliinua birika, akamjazia Courant kikombe chake mpaka juu kama kawaida, na hilo lilimchoma René kuliko kama angetukanwa.

Si kwamba Mama Berthe hakuwahi kuwaza hivyo. Lydie alikuwa akimtumia mchele kwa boti hiyo hiyo ya René, mchele mweupe wenye harufu nzuri, na kila alipoupika alijiuliza ni kitu gani kilichomo kinachoweza kumshika msichana wa mji aliyesomea ualimu, aliyekuwa anaogopa hata konokono. Aliukubali ule mchele na kuuonea wivu. Baba wa Lydie alifariki mtoto akiwa mdogo, na kwa miaka mingi nyumba yao ilikuwa ya watu wawili, sahani mbili, mikeka miwili. Siku za mafunzo hazikuwa mbaya. Kituo kilikuwa karibu, na kila Jumamosi Lydie alirudi nyumbani na fungu la pondu, majani ya mihogo, kichwani, akinuka moshi na udongo, akala lituma, ndizi za kutwanga za mama yake, kwa mikono miwili na kulala hadi Jumapili. Ni ile ardhi ya mbali iliyoharibu. Mpaka leo, Jumamosi, Mama Berthe akitwanga ndizi mkono wake unasahau, unatwanga za watu wawili.

Kijijini anakoishi Lydie hakuna réseau ya simu. Anapotaka kuzungumza hutembea hadi kwenye kilima fulani, anatuma sauti, kisha anashuka. Mama Berthe alizihifadhi zote kwenye simu. Ndani yake kulikuwa na jogoo, upepo, watu wakiongea lugha ambayo yeye haisikii, na katikati ya hayo yote sauti ya mtoto wake ikisimulia mvua na ndege wanaoharibu mpunga. Kila mara ilimalizika hivi: Usijali, mama, niko muzuri. Hakuna hata mara moja aliposema njoo. Hakusema pia kwamba atarudi. Mama Berthe naye alijibu kwamba kahawa inaenda, Mungu akulinde, na hakuwahi kuuliza lile alilotaka kuuliza. Mtoto asipokuita, unajuaje kama kuna nafasi yako?

Na kulikuwa na hofu nyingine ambayo hakumwambia mtu. Akienda akamkuta Lydie anateseka, hataweza kumwacha kule. Akienda akamkuta ana furaha, hataweza kumrudisha. Basi alikuwa amekaa na birika lake, René akimwambia kila baada ya muda kwamba nafasi kwenye boti ipo, yeye akisema mvua ikipungua, na ikipungua akisema makaa ni shida, na hivyo hivyo.

Pale kwenye benchi Rachidi alizungumza bila kumtazama mtu.

— Mama, ile sauti ya mwisho, tunaweza kuisikia?

Mama Berthe alifuta mikono kwenye kitenge, akatoa simu, akaiweka katikati ya benchi. Lydie alisimulia kwamba karanga zimetoka vizuri, kwamba daraja limewekwa magogo mapya, na kwamba usiku kuna vyura wengi hata mtu hasikii mawazo yake mwenyewe. Kisha akasema usijali, mama. Rachidi alikuwa ameinama, viwiko magotini, kama mtu anayesikiliza habari za msiba au za harusi, huwezi kujua ni ipi.

Mama Berthe alimtazama shingo yake ile iliyoungua jua, na kwa mara ya kwanza tangu kijana huyo arudi, alimuuliza.

— Rachidi, weye ulirudi sababu gani?

Décret na Courant walishika vikombe vyao, hawakunywa.

Rachidi alieleza polepole. Mwaka wa kwanza haukuwa mbaya hata kidogo, alisema, na hicho ndicho watu hawakielewi. Mpunga ulifika kiunoni. Yale yote waliyoambiwa kituoni yalitokea kama yalivyosemwa: nafasi kati ya mstari na mstari, maji, palizi, kila kitu. Jioni walikuwa wanasimama pembeni ya shamba bila kusema neno, wakiangalia tu, na yeye alijisikia mtu. Wakavuna, wakaanika, wakajaza magunia, wakangoja lori. Mvua ikabomoa daraja. Lori halikuja. Walifunika magunia kwa majani, wakayahamishia ndani ya nyumba, wakalala nje wao wenyewe. Siku moja Lydie akaingiza mkono ndani ya gunia ili kupima joto, akautoa na machipukizi ya kijani yameshikamana na vidole. Mpunga ulikuwa umeota ndani ya gunia.

— Walitufundisha yote mpaka kwenye gunia, Rachidi akasema. Nyuma ya gunia, hakuna mutu alitufundisha.

Wengine waliondoka wiki hiyo. Yeye alijaribu tena msimu uliofuata, lakini mikono ilikuwa inalima na kichwa kinangoja mvua, na hatimaye akashindwa. Lydie alimsindikiza hadi barabara kubwa, akambebea begi. Alimwambia: nenda upumzike, utarudi. Hakumwambia kwa hasira. Tangu siku hiyo, Rachidi akiwa na abiria nyuma na mvua ya kwanza ikapiga vumbi, ile harufu inampata, na mara nyingine anapita njia panda aliyotakiwa kukata na abiria anamgonga bega.

Hakuna aliyemwita Agronome baada ya hapo. Courant alitaka kusema jambo kuhusu barabara na waliokula pesa za barabara, akaliacha.

Mwanamke wa projet alifika kwa pikipiki ya mtu mwingine, amevaa viatu vya mpira vilivyojaa tope jekundu ambalo si la mji. Walikuwa wamemtegemea mama mkubwa mwenye miwani; huyu alikuwa msichana, jina lake Priscille, mzaliwa wa Mangobo, humu humu mjini, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha kona hii. Aliwasalimia wazee kwanza, akampa Mama Berthe mikono miwili, akaomba kahawa. Décret alimuuliza ordre de mission yake, karatasi ya kutumwa kazini, iko wapi na nani ameitia sahihi. Priscille akaitoa. Décret aliisoma yote, akaangalia mhuri kwenye mwanga, na kuirudisha akiwa amevunjika moyo kidogo, kwa kuwa haikuwa na kasoro.

Courant alitaka kujua kama ni kweli wanatafuta almasi. Priscille alicheka, akasema hapana, tonton, tunatafuta watu. Kazi yake, alieleza, ni kujua kama mafunzo yale yaliwasaidia vijana au yaliwapotezea muda, ili kama mengine yatafanywa, yafanywe vizuri kuliko ya kwanza. Maelezo yalikuwa mafupi na ya wazi kiasi kwamba benchi zima lilikosa pa kuyashika.

Kisha akamgeukia Rachidi. Alimuuliza kama analima sasa. Rachidi akasema hapana. Alimuuliza alichojifunza kama bado anakikumbuka. Rachidi akasema anakumbuka chote, hata katika usingizi. Alimuuliza kama alipata soko, na Rachidi akamrudia habari ya magunia, kwa maneno machache kuliko aliyowaambia wenzake. Priscille alimsikiliza mpaka mwisho.

— Bon, akasema. Donc nitakuweka pamoja na wale walioacha.

— Miye sikuacha, Rachidi akasema. Useme vile: mupunga ilioza, njo nikatoka. Kuacha ni kitu ingine.

Priscille aliyatazama tena maswali yake. Akakiri kwamba maswali aliyopewa hayana mahali pa jibu la namna hiyo, ila atalisema kwa mdomo wake mbele ya wakubwa, hata wakichukia. Rachidi akaitika kwa kichwa. Haikuwa nyingi, lakini alinyoosha mgongo.

Décret, ambaye hawezi kuona ripoti inapita bila kuuliza hitimisho, akataka kujua wangapi wamefaulu. Priscille akasema ni wachache mno, na inamhuzunisha, kwa sababu mafunzo yenyewe yalikuwa mazuri. Mmoja tu amemshangaza. Yupo mbali, unashuka mto hadi kupita Isangi kidogo, kisha pikipiki inaingia msituni kuelekea Yahuma. Msichana wa hapa hapa mjini. Priscille mwenyewe ametoka kwake juzi. Mpunga wa kwanza ulipomwozea, msichana huyo aliacha kulima mpunga wa kuuza na kuanza kutoa mbegu: karanga, mahindi, mpunga wa kupanda, vitu ambavyo majirani wanakuja kuvichukua wenyewe kwa miguu, daraja liwepo lisiwepo. Wanawake wa vijiji vya karibu wanajifunza kwake. Katika rapport, alisema, yeye ndiye atakuwa mfano.

Courant alivua kofia yake.

— Dada, akasema kwa sauti ya chini, mama yake njo huyu.

Priscille alisimama na kikombe mkononi. Alimtazama Mama Berthe, na mtu angeweza kuona anatafuta na kuipata sura ile: paji la uso, meno ya mbele. Akaanza tena kusimulia yale yale, sasa kwa heshima zaidi, ukubwa wa shamba, aina za mbegu, wanawake wale. Mama Berthe aliyasikiliza kama mtu anayesikia sifa za mtoto wa jirani. Yalipokwisha akauliza.

— Amekonda?

Priscille alifikiri. Hapana, akasema, hajakonda, ila amekuwa mweusi zaidi, na mikono imekuwa migumu.

Nywele je, nani anamsuka? Amezikata, mama, amezikata fupi kabisa. Mama Berthe alifumba macho kidogo kwa habari hiyo. Zile nywele alizisuka yeye kila wiki, mtoto amekaa katikati ya magoti yake, miaka yote ile. Akauliza homa ikimshika nani anampikia uji. Priscille hakujua. Akauliza kama anacheka. Priscille akasema ndiyo, walipokuwa shambani yeye Priscille alianguka kwenye tope na Lydie alicheka mpaka akakaa chini, na wanawake wote wakacheka. Mama Berthe alitaka kuuliza kicheko chenyewe kilikuwaje, kama bado anaziba mdomo kwa mkono, na akajikuta ameuziba wa kwake.

Priscille aliona. Alikuwa msichana mwenye huruma, na labda ndiyo maana aliongeza lile ambalo halikuwa katika kazi yake.

— Nilifika kule na mvua kubwa, akasema. Nyumba yake aliijenga mwenyewe na wale wamama, iko na vyumba viwili. Kimoja ni chake. Kile kingine niliona kitanda, chandarua, pazia mupya, na hakuna mutu. Nikamuomba nilale mule. Akanikatalia polepole, akanipa kitanda yake, yeye akalala chini kwenye mukeka. Nikasikia haya, nikamuuliza chumba kile ni ya nani. Akasema ni ya mama yangu. Nikamuuliza mama anakuja lini. Akasema, sijui, hajaniambia.

Pikipiki mbili zilipita, zikatimua matope. Hakuna aliyejikinga.

— Donc, mama, Priscille akauliza, unaenda lini?

Aliuliza kama mtu anavyouliza njia, bila ubaya wowote. Alikuwa anangoja jibu, kwa kuwa alidhani lipo.

Benchi lile lilikuwa limekwisha kujibu asubuhi hiyo kwa niaba ya serikali, ya satellite na ya wakubwa wa dunia. Décret alitazama ndani ya kikombe chake. Courant, ambaye anajua siku na saa ya kila boti inayong'oa nanga katika mji huu, aliizungusha kofia mikononi. Rachidi alitazama viatu vya mpira vya yule msichana, tope lile jekundu lililokauka kwenye visigino, na hakuweza kuyaondoa macho.

Mama Berthe alikuwa na majibu yake, mengi, ya miaka. Mvua. Makaa. Wateja. Umri. Aliyatafuta moja baada ya jingine na kila alipolishika aliona kitanda kilichotandikwa, chandarua kimeshushwa, na mtoto wake amelala sakafuni pembeni ya mgeni ili nafasi ya mama isichukuliwe na mtu. Miaka yote hiyo alikuwa akidhani hakuitwa. Machozi yalimjia, akayaacha yashuke, akachukua birika na kummiminia Priscille kikombe cha pili. Kahawa ilitoka kidogo, nzito, kisha ikaanza kudondoka tone kwa tone.

— Papa René, akasema akiwa bado ameinamia kikombe, unashuka siku gani?

— Kesho kutwa, mama. Kukikucha.

— Uniwekee nafasi. Mbali na mashine, kelele yake inaniumiza kichwa.

René alisema atamwekea mbele kabisa, kwenye kivuli. Kisha Rachidi akauliza, kama mtu anayezungumza na pikipiki yake, kama boti ile inaweza kubeba pikipiki moja pia. Kutoka mtoni mpaka kule mama hawezi kutembea, alisema, na njia yenyewe yeye anaijua. René akajibu kwamba itaingia. Mama Berthe alimtazama kijana huyo, akamwambia tu achukue nguo za kutosha.

Priscille aliwaaga, akapeana nao mikono wote, akaenda kumtafuta kijana mwingine ambaye aliambiwa anauza vocha karibu na soko. Décret alikuwa bado anakishikilia kikombe chake kitupu, akikitazama ndani.

— Na sisi? akauliza hatimaye. Utakaa kule siku ngapi? Kahawa hapa nani atapika?

Mama Berthe alilipindua birika ukingoni mwa barabara, machicha meusi yakamwagika kwenye tope. Alimwambia, kwa upole, kwamba hilo hata yeye halijui. Kisha akachutama, akaanza kuyatoa makaa yaliyobaki jikoni, moja moja, na kuyazima ndani ya maji.